Mkaguzi kaingia karakanani bila taarifa, nyie waajiri mnafuatiliaje hizi sheria za kazi na usalama?

Mpasuambao

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, hasa mlioajiri watu wachache kama mimi, sio makampuni makubwa yenye idara nzima ya sheria.

Nina karakana ya samani. Tulianza watatu, mimi mwenyewe nikiwa nashika msumeno, leo tuko kumi na tisa, kumi na wanne wana mikataba na watano ni vibarua wanakuja kazi ikizidi. Siku zote nilijihesabu mwajiri mzuri, mshahara unatoka tarehe ile ile, mtu akiumwa simsumbui. Sasa wiki iliyopita akaingia mkaguzi, hajapiga simu wala nini, kasimama mlangoni na begi lake, kaonyesha kitambulisho, kaanza kuomba vitu.

Mikataba nikatoa, kumbe mitatu mimi mwenyewe sijasaini. Rekodi za mafunzo ya usalama sina. Tathmini ya vihatarishi ndo nalisikia hilo jina siku hiyo. Akaomba daftari la ajali, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, mheshimiwa, hapa kwetu hatujawahi kupata ajali. Hakunijibu, akageuza shingo tu akamwangalia kijana wangu wa mashine ambaye kidole gumba kimefungwa bandeji nene utadhani kafunga mzigo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kaniachia barua ya maelekezo, nina siku 21 za kurekebisha halafu anarudi.

Usiku huohuo nikapakua sheria nikaanza kusoma, nilipofika ukurasa wa nne usingizi ukanibeba, na nikasikia tena kuna kanuni chini ya sheria na amri chini ya kanuni na kila kukicha kuna mabadiliko. Kwahiyo swali langu, nyie mnafuatiliaje? Mnaajiri mtu wa kazi hiyo, mna mwanasheria wa kumpigia, au kuna namna nyingine? Na wale vibarua watano wananihusu au hawanihusu? Na kweli mkaguzi anaruhusiwa kuingia hivihivi?

---

dada_utumishi

Pole kaka, ila afadhali kaja mkaguzi kuliko ingekuja familia ya mtu aliyeumia na wakili wao.

Nimekaa kwenye utumishi miaka 11 na kitu cha kwanza nakwambia usisome sheria kama riwaya, hutamaliza. Sheria mama yenyewe haibadiliki hovyo, inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Kinachobadilika ni vile vitu vya chini yake, kanuni, amri ya kima cha chini cha mshahara, viwango vya makato na michango, siku za likizo, fomu za kujaza. Ndo maana mtu anakwambia mimi sheria naijua tangu zamani halafu analipa mshahara wa chini ya kima kwa miezi saba bila kujua, kwasababu amri mpya ilitoka yeye akiwa anaangalia kitabu kilekile cha zamani.

Mimi ninavyofanya, nina kalenda moja tu ukutani, sio programu ya kununua. Kila mwanzo wa mwezi natenga saa moja, naingia tovuti ya wizara inayohusika na kazi, ya mfuko wa hifadhi ya jamii na ya mamlaka ya kodi, naangalia matangazo mapya. Nikikuta kitu naandika vitu vitatu: kinaanza lini, kinamgusa nani kati ya watu wetu, na karatasi gani ya kwetu inabidi ibadilike. Hapo kwenye "kinaanza lini" ndo wengi wanaangukia, maana tangazo linaweza kutoka leo likaanza kutumika miezi mitatu baadae, au likaanza kutumika tangu mwezi uliopita ukajikuta unadaiwa malimbikizo. Jiunge pia na chama cha waajiri kama kipo, wao wanatuma vile vifupisho na kuna mtu wa kumuuliza.

Vibarua wako wanakuhusu, tena sana. Jina ulilompa mtu kwenye karatasi halina uzito kama hali halisi ya kazi yake. Shirika la Kazi Duniani lina pendekezo namba 198 la mwaka 2006 linalosema hivyohivyo, angalia ukweli wa uhusiano. Nani anapanga saa za kuingia na kutoka, vifaa ni vya nani, anafanya kazi chini ya maelekezo ya nani, analipwa kwa vipindi vinavyojirudia au kwa kazi moja ikaisha. Kama kibarua wako anaingia saa mbili kama wengine, anatumia msumeno wako, fomeni wako anamwelekeza, ana miezi mitano sasa yuko hapo, huyo unamwita kibarua wewe na mkeo tu. Na upande wa usalama ndo hakuna hata mjadala, msumeno haumuulizi mtu kama ana mkataba.

Mwisho, hiyo mikataba mitatu saini leo, na weka tarehe ya leo tafadhali, usirudishe nyuma.

---

kitanzi_cha_karatasi

Mi naona mnamtisha tu mwenzenu. Hizi sheria zimetungwa kwa ajili ya viwanda vyenye watu elfu mbili, mtu ana watu 19 anaambiwa tathmini, kamati, rekodi, mafunzo, afanye kazi saa ngapi? Nimeajiri miaka kumi, mkaguzi amekuja mara mbili, mara zote karatasi anazotaka hazijawahi kumuokoa mtu yeyote. Nunua template onlaini jaza majina weka kwenye faili maisha yaendelee.

---

Mkaguzi_mstaafu

Ndugu kitanzi, nimefanya hiyo kazi hadi nikastaafu na hizo template zako nazijua kwa harufu. Kuna sehemu nilipewa daftari la ukaguzi wa mitungi ya kuzimia moto, kila siku imesainiwa, mwaka mzima, peni moja ya bluu, mwandiko haujachoka hata kidogo, na kwenye mwezi wa pili kuna saini ya tarehe 30. Nikamuuliza meneja, hii Februari yenu ina siku ngapi? Baada ya hapo kila karatasi aliyonipa niliisoma mara mbili, hata zile za kweli. Hiyo ndo hasara ya template, inakunyang'anya hata uaminifu wa vitu ulivyofanya vizuri.

Sasa kwa mwenye mada. Kuhusu kuingia bila taarifa ndiyo, ni kawaida, iko hata kwenye mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani wa ukaguzi wa kazi wa mwaka 1947, mkaguzi mwenye kitambulisho anaweza kuingia bila kutoa taarifa, mchana au usiku, sehemu yoyote inayopaswa kukaguliwa. Fikiria tungekuwa tunapiga simu kwanza, tungekuta kila mtu na helmeti mpya ina stika bado.

Na nikupe siri moja ya kazi, wengi wetu hatuanzi na mafaili. Mimi nilikuwa naanza na mlango wa dharura. Nausukuma. Ukifunguka naendelea, usipofunguka nauliza ufunguo anao nani, na hapo utasikia hadithi, oo anao mlinzi, mlinzi katoka, tuliufunga kwa sababu ya wizi. Mwaka 1911 kule New York kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua, watu 146 walikufa, wengi mabinti, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na waliotaja sababu walitaja hiyohiyo ya wizi. Zaidi ya miaka mia moja na bado mlango ndo kitu cha kwanza naweza kukuta na kufuli.

Baada ya mlango naangalia mtungi wa moto. Sio kama upo, kama unafikika. Karakana ya mbao mara nyingi utakuta umezungukwa na magogo, mtu akitaka kuutumia ahamishe kwanza mzigo wa nusu saa. Naangalia mshale wa presha uko kwenye kijani au umelala. Naangalia soketi, naangalia choo, maana bosi asiyejali choo huwa hajali na mengine. Mafaili yanakuja mwisho, na yanakuja kuthibitisha nilichokiona tayari.

Lile daftari lako la ajali, tupu haina maana hamna ajali, ina maana hakuna anayeandika. Sehemu yenye misumeno na watu 19 nikikuta daftari lina vijikato vidogo kila baada ya wiki mbili tatu napumua, najua hapa watu wanasema. Andikeni hata zile zilizokosa kidogo, ubao ulioruka ukapita pembeni ya kichwa cha mtu. Ule ubao kesho haupiti pembeni.

---

Fomeni77

Mkuu Mpasuambao swali moja tu, kava ya msumeno wako wa meza iko wapi saa hizi?

---

Mpasuambao

Dah. Iko ukutani imetundikwa kwenye msumari.

---

Fomeni77

Nilijua. Zote ziko kwenye msumari. Na ukiwauliza vijana kwanini watakwambia inazuia kazi, na wanasema kweli bana, ukipasua vipande vyembamba kava inagombana na mkono na ile reli ya pembeni, kwahiyo anaitoa kwa kazi moja ya dakika kumi na hairudi tena. Ukibandika karatasi ukutani KAVA ISITOLEWE umepoteza wino. Dawa ni kumpa kijiti cha kusukumia, unakikata palepale kwenye mabaki ya mbao, mkono unabaki mbali na meno, na hakikisha kile kibati kinachosimama nyuma ya msumeno kipo na kimenyooka na meno, kile ndo kinazuia ubao usibane ukakurukia tumboni. Kava na kibati vikitolewa vyote viwili kijana anacheza kamari kila ubao.

Tathmini ya vihatarishi iliyokushtua ni hiki tulichofanya hapa mimi na wewe. Chukua daftari, zunguka na vijana, kila mashine uliza nini kinaweza kumuumiza mtu hapa, nani, na tunafanyaje, andika, weka jina la atakayefanya na tarehe. Mpangilio wa kurekebisha uko hivi, kwanza uiondoe hatari yenyewe kabisa, ukishindwa badilisha kitu chenyewe kwa kingine kisicho na hatari hiyo, ukishindwa mtenganishe mtu na hatari kwa kava au uzio, ukishindwa badilisha utaratibu wa kazi na fundisha watu, vifaa vya kujikinga ndo vinakuja mwisho kabisa, lakini wengi tunaanzia huko kwasababu ni kitu unanunua dukani siku moja unajisikia umemaliza. Na nina wasiwasi umewanunulia glavu watu wa msumeno. Kama umewanunulia wavue wakiwa kwenye mashine inayozunguka, glavu ikishikwa na meno mkono unafuata.

Halafu vumbi. Hili watu wanalichukulia kama uchafu tu. Vumbi la mbao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeliweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, ni pua hasa. Sasa angalia jioni vijana wako wanasafishaje, najua wanapuliza kwa kompresa, karakana nzima inakuwa ukungu na wao wanavuta. Tafuta mashine ya kunyonya, funga mdomo wake karibu na msumeno kabisa, na hilo vumbi ndo linalowaka moto pia so unaua ndege wawili.

Kelele: kipimo ambacho sehemu nyingi wanatumia ni desibeli 85 kwa saa 8. Kama huna mita, simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, ukilazimika kupaza sauti ili akusikie ujue mmeshafika hapo au mmepita.

---

Mpasuambao

Glavu nimewanunulia kweli. Na naomba nikiri hapahapa, hela ya glavu na buti nilikuwa nakata kidogokidogo kwenye mshahara, nikijua ni kitu chao binafsi.

---

Mkaguzi_mstaafu

Acha hiyo mara moja na uwarudishie. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 wa usalama na afya kazini kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

---

dada_utumishi

Mzee wangu hapo nakubaliana na wewe kwa kitu chenyewe ila niweke sawa kidogo watu wasichanganye, mikataba ya kimataifa inaibana nchi iliyoiridhia, mwajiri anabanwa na sheria ya nchi yake. Kwahiyo kaka ukibishana na mtu usimtajie namba 155, tafuta kifungu cha sheria yenu, kuhusu vifaa vya kinga sehemu nyingi utakikuta kinasema hivyohivyo.

---

Mkaguzi_mstaafu

Sawa kabisa binti yangu, umesahihisha vizuri. Niongeze tu kwamba Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye haki za msingi kazini, pamoja na zile za zamani kama kutotumikisha watoto na kutolazimisha kazi. Nchi mwanachama hata ambayo haijaridhia 155 ina wajibu wa kuheshimu hiyo misingi. Kwahiyo kama sheria ya kwenu iko kimya leo, usijenge biashara yako juu ya huo ukimya.

---

zamu_ya_usiku

Mimi sio mwajiri, ni mfanyakazi, nimepita tu nikaona mnatujadili. Naomba niseme kimoja. Kazini kwetu kuna ubao mkubwa getini umeandikwa SIKU BILA AJALI na namba, ikifika 100 wote tunapewa bonasi. Siku ya 93 mwenzetu alidondokewa na kitu mguuni, unajua nini kilitokea? Tukamficha. Alikaa zamu nzima na buti haivuliki mguu umevimba, kwasababu akisema tu watu sitini wanakosa hela kwa ajili yake. Uongozi mpaka leo wanajua tulifika 100.

Kwahiyo bosi Mpasuambao usije ukaleta hiyo kitu. Na kijana akikwambia hii mashine sigusi leo inatetemeka vibaya, usimwambie kama hutaki kazi ondoka. Najua imeandikwa mtu akijitoa kwenye hatari ya wazi kwa sababu ya msingi asiadhibiwe, lakini kwa sisi wa chini tunaangalia uso wako siku ya kwanza mtu anapokataa, hapo ndo tunajua.

---

kitanzi_cha_karatasi

Haya nimewasikia. Ila bado nauliza, huyu mtu afanye yote haya na saa ngapi auze samani? Wote hapa mnaongea kama ana mtu wa utumishi na fomeni wa usalama.

---

Fomeni77

Swali la haki. Mimi kwetu dakika kumi Jumatatu asubuhi kabla mashine hazijawashwa, kitu kimoja tu, wiki hii kijiti cha kusukumia, wiki ijayo mlango. Anayeongea sio mimi, ni kijana mmoja wao. Wanaohudhuria wanasaini na hiyo karatasi ndo rekodi ya mafunzo, tena ya kweli. Na mteue mmoja awe macho ya usalama, mumchague wote, asiwe shemeji yako.

---

dada_utumishi

Na upande wangu ukishapanga faili mara ya kwanza, baada ya hapo ni ile saa moja kwa mwezi. Faili la kila mtu: mkataba uliosainiwa pande zote, likizo, hati za mshahara, mafunzo, barua za onyo kama zipo. Hizo barua usizidharau, kesi nyingi za kufukuza mtu nilizoona mwajiri hakushindwa kwasababu mtu hakuiba, aliiba kweli, ila alifukuzwa jioni hiyohiyo kwa simu bila kuandikiwa tuhuma wala kupewa nafasi ya kujieleza. Una sababu nzuri na umelipa fidia, inauma kuliko kukosa sababu.

---

Mpasuambao

Wakuu asanteni sana, nimerudi na mrejesho, leo ni siku ya tisa.

Mikataba imesainiwa. Vibarua watatu kati ya watano wamepewa mikataba, wawili walikuja kweli kwa kazi ya siku nne na wameondoka. Mlango wa nyuma nilikuta umezibwa na mbao zangu mwenyewe, tulihamisha asubuhi nzima. Kava imerudi kwenye msumeno, na vijiti vya kusukumia tumekata sita, hadi saa hizi viwili vimeshaliwa na meno, kila nikiviangalia nawaza vingekuwa vidole. Mashine ya kunyonya vumbi bado, bei inaniumiza kichwa ila kompresa nimepiga marufuku kwa usafi, tunamwagia maji kidogo kabla ya kufagia.

Hela za glavu na buti nimerudisha. Kuna mmoja aliikataa akidhani namuaga kazi.

Kilichobaki ni daftari la ajali. Nimenunua, liko mezani, kurasa zote nyeupe. Kidole cha yule kijana kilikatwa wiki sita zilizopita, nikiandika sasa si itaonekana nimeghushi? Na niandike tarehe gani?

---

Mkaguzi_mstaafu

Andika tarehe ya leo kama tarehe ya kuandika, halafu ndani useme ilitokea lini, kwenye mashine gani, kava ilikuwa wapi, alipelekwa hospitali na nani, alikaa nje siku ngapi, na kwamba haikuandikwa wakati ule kwa sababu hamkuwa na daftari. Ukiisema hivyo haiwi kughushi. Angalia pia kama sheria yenu ilitaka ajali ya aina hiyo itolewe taarifa kwa mamlaka na mfuko wa fidia, kama ilitaka, peleka sasa na ueleze umechelewa, usisubiri arudi ndo useme.

---

Mpasuambao

Na msumari wa kava niandike?

---

Mkaguzi_mstaafu

Andika. Mpe kijana asome kwanza, palipo na uongo afute, halafu asaini.

---

Mpasuambao

Kasoma. Kafuta pale niliposema alikuwa na haraka, kaandika ni mimi niliyemwambia afanye haraka. Amesaini, nami nimesaini.